Barua ya wazi kwa wabunifu wa RPG za mapigano: pointi za mhusika zirudi kwa bei inayolipika

Kwa wakurugenzi wa ubunifu, wapangaji wa uchumi wa gemu, na wote wenye kauli ya mwisho katika kampuni zinazotengeneza gemu za mapigano na kukuza mhusika.

YAH: GHARAMA YA KUREJESHA NA KUGAWA UPYA POINTI ZA UJUZI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye banda la gemu lililopo Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Wateja wangu wengi ni vijana wasio na kompyuta nyumbani. Hulipa shilingi 1,000 kwa saa, hukaa mbele ya skrini, na saa ikiisha humpisha mwingine. Walio wengi huja kucheza mpira, na hao barua hii haiwahusu. Lakini lipo kundi dogo, lenye subira kuliko wengine, linalokuja kwa ajili ya zile gemu ambazo unaanza na mtu dhaifu mwenye rungu, unaua mazimwi, unapanda levo, na kila levo unapewa pointi za kuongeza ujuzi au nguvu. Kwa niaba ya kundi hilo naomba jambo moja: mchezaji aliyegawa pointi zake akaona hazimfai aweze kuzirejesha na kuzigawa upya kwa gharama ndogo, isiyopanda kila anapofanya hivyo, bila kulazimika kumtupa mhusika wake na kuanza mwanzo.

Najua baadhi yenu mnaliona suala hili kuwa dogo, kwa sababu katika mahesabu yenu gharama ya kurejesha pointi ni dhahabu ya kwenye gemu, na dhahabu hiyo haina thamani sokoni. Kwa mchezaji aliye nyumbani kwake hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi. Akipungukiwa dhahabu atazunguka jioni nzima akiua mazimwi yaleyale, atachoka, na mambo yataishia hapo. Bandani kwangu si hivyo. Tuseme kurejesha pointi zote kunahitaji dhahabu ambayo mchezaji wa kawaida huikusanya kwa saa tatu. Kwa kijana anayelipia saa, hizo ni shilingi 3,000 taslimu, na hazimpeleki mbele katika hadithi wala hazimkutanishi na bosi mpya, yaani adui mkubwa wa sehemu. Zinaishia kwenye mapango aliyokwisha kuyamaliza, ayarudie ili apate ruhusa ya kumrekebisha mhusika wake. Mpokeaji wa shilingi hizo ni mimi, kwa hiyo mtaona kwamba siandiki barua hii kwa kutafuta faida. Mnapopanga bei kwa dhahabu mnapanga bei kwa muda, na wapo wachezaji wengi duniani, si wa Tanga peke yake, ambao muda wa kukaa kwenye kompyuta wanaununua.

Inafaa tuangalie kwa karibu jinsi pointi zinavyopotea, kwa sababu mara nyingi hupewa lawama mtu asiyestahili. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alichagua mchawi wa moto katika gemu ambayo sitaitaja. Kila alipopanda levo aliweka pointi kwenye ujuzi uleule wa kurusha moto, kwa kuwa maelezo ya kwenye skrini yalimwonyesha kitu kimoja tu, yaani madhara ya ujuzi huo kwa sasa na madhara yake akiongeza pointi moja. Namba ilikuwa inapanda, naye akaifuata namba. Maelezo hayakumwambia kwamba ongezeko linapungua kadiri unavyokwenda juu huku nguvu za uchawi zinazotumika zikizidi, wala kwamba sehemu ya tatu ya gemu imejaa maadui wasioungua. Alipofika huko akawa anamrushia moto zimwi ambaye mstari wake wa uhai haukusogea hata kidogo. Akageuka akaniuliza, "Anko, hizi pointi hazirudi?" Hazikuwa zinarudi. Mhusika yule bado yumo kwenye diski ya kompyuta namba nne, na kijana mwenyewe siku hizi anacheza mpira.

Sioni uzembe wowote katika alichokifanya. Alisoma alichopewa, akaamua kwa alichokisoma, na akawa na msimamo. Gemu ndiyo iliyomtaka aamue katika levo ya 5 mambo yatakayompata katika levo ya 60, kisha ikamnyima namna ya kutumia alichojifunza njiani.

Historia ya jambo hili mnaijua kuliko mimi, lakini inafaa ikumbukwe. Diablo II, gemu maarufu ya aina hii, ilitoka mwaka 2000 bila njia yoyote ya kurejesha pointi. Mhusika aliyefika levo ya mwisho, ambayo ni 99, na kumaliza kazi zote zenye zawadi ya pointi katika ngazi zote tatu za ugumu, alikuwa na jumla ya pointi 110 za ujuzi, na kila aliyoiweka ilikaa hapohapo daima. Katika ngazi ya tatu maadui wengi wana kinga kamili dhidi ya aina moja au nyingine ya madhara, iwe moto, barafu au umeme, hivyo mchawi aliyetamba ngazi ya kwanza kwa ujuzi mmoja angeweza kufika huko akawa hana la kufanya. Kisha, mwaka 2003, sasisho la 1.10 likaleta utaratibu wa ujuzi mmoja kuuongezea nguvu mwingine, na wahusika waliojengwa kwa kanuni za zamani wakajikuta wanapimwa kwa kanuni mpya bila nafasi ya kujipanga. Ilichukua hadi mwaka 2010, katika sasisho la 1.13, ndipo Akara, yule mama wa kambi ya mwanzo, alipopewa uwezo wa kurejesha pointi zote za mchezaji mara moja katika kila ngazi ya ugumu baada ya kumaliza kazi yake ya kwanza, na anayetaka zaidi akawekewa njia ya kuunganisha vitu vinne vinavyodondoshwa na mabosi wakubwa. Miaka 10 nzima. Gemu haikuharibika kwa hatua hiyo. Ilipotolewa upya mwaka 2021 ikiwa imepambwa kwa picha mpya, utaratibu huo wa Akara ulikuwamo ndani yake, na sijamsikia mtu akidai uondolewe.

Kabla ya hapo wachezaji walikuwa wamejitungia kinga yao wenyewe, nayo ilikuwa ni kutozitumia pointi kabisa. Ujuzi mkubwa ulifunguka katika levo ya 30, kwa hiyo mtu mwangalifu alipanda levo baada ya levo akiwa amezibana pointi zake, akipigana kwa udhaifu wa makusudi saa za mwanzo zote, ili asije akazikosa atakapozihitaji. Jiulizeni ni mbunifu gani aliyekaa mezani akapanga kwamba saa nzuri za mwanzo za gemu yake zichezwe hivyo.

Kinga ya pili ni kufuata mwongozo wa mtu mwingine, pointi kwa pointi. Kwa mwenye intaneti ya nyumbani, hilo ni suala la kufungua ukurasa mwingine kando ya gemu. Kwetu, kijana hutazama video usiku kwa bando la simu, hunakili mti wa ujuzi, yaani mchoro wa ujuzi wote na njia za kuufikia, kwa penseli kwenye daftari la hesabu lenye miraba, na kesho yake huja nalo bandani. Nimeyaona madaftari hayo: viduara vilivyounganishwa kwa mistari iliyopigwa kwa rula, namba ya levo kando ya kila kiduara, na alama ya vema kwa kila pointi iliyokwisha kuwekwa. Wapo ambao daftari lao la somo lenyewe halijapata kuwa safi kiasi hicho. Tatizo ni kwamba mwongozo mara nyingine ni wa msimu uliopita, na kiduara alichokichora kimehamishwa au kimeondolewa. Na hata ukiwa sahihi, kile mlichokusudia kimeshapotea. Mmetengeneza mti wenye matawi mengi ili mtu achague, naye kwa hofu ya kutoweza kurudi nyuma hachagui chochote. Anajaza fomu iliyoandaliwa na mtu asiyemjua.

Wengi wenu mmeshaachana na msimamo wa zamani, na shukrani zinawastahili. Ugomvi uliobaki ni wa bei, na hapo naomba tukae kidogo.

Path of Exile, iliyotoka rasmi mwaka 2013, ina mti wa vipaji wenye vituo zaidi ya 1,300, na kwa miaka mingi kila pointi uliyotaka kuirejesha ililipiwa Orb of Regret moja, kitu kinachookotwa ndani ya gemu, ukiacha zile chache zilizotolewa bure na baadhi ya kazi. Kwa mchezaji mkongwe hilo halikuwa neno, kwani aliweza kuzinunua kwa wenzake kwa mkupuo. Kwa mgeni, kuhamisha tawi zima kulikuwa mlima, na mgeni ndiye anayekosea zaidi. Ndiyo kasoro ya bei za namna hii: mzigo unamwangukia yule asiye na akiba, katika kipindi ambacho kukosea kwake ni jambo la kawaida kabisa. Path of Exile 2 ilipofunguliwa kwa majaribio mwezi Desemba 2024 ililipisha kwa dhahabu, na malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba mwezi huohuo waundaji waliteremsha bei ya levo za juu. Waliteremsha, na wachezaji wakaendelea kucheza. Diablo IV ya mwaka 2023 nayo ilianza na dhahabu ambayo kiasi chake hupanda kadiri mhusika anavyopanda levo. Naielewa mantiki yake, kwamba wa juu anapata zaidi, lakini levo za juu ndipo mipango inapokuwa migumu na majaribio yanapohitajika, kwa hiyo bei inapanda mahali palepale ambapo ingefaa itulie.

Torchlight II ya mwaka 2012 iliruhusu kurejesha pointi tatu za mwisho tu. Hiyo inamsaidia aliyebonyeza vibaya, basi. Yule kijana wa moto aligundua tatizo lake levo nyingi baada ya kulianzisha, na wengi hugundua hivyo. Grim Dawn ya mwaka 2016 inarejesha pointi mojamoja kwa malipo, jambo linalonipendeza kwa sababu mchezaji anayetaka kurekebisha tawi moja halazimiki kubomoa mti mzima. Elden Ring ya mwaka 2022 inatumia kitu kiitwacho Larval Tear, ambacho unampelekea bosi aitwaye Rennala baada ya kumshinda, lakini idadi yake ina kikomo katika kila mzunguko wa gemu, na kikomo kikishakuwapo watu hurudi kwenye ubahili uleule niliousimulia hapo juu. Cyberpunk 2077, katika toleo la 2.0 la Septemba 2023, ilifuta bei kabisa kwa upande wa vipaji, ikaacha sifa za msingi zibadilishwe mara moja tu.

Iliyonivutia kuliko zote ni Last Epoch, iliyotoka rasmi mwaka 2024. Katika miti ya ujuzi wake ilipotoka, ukiondoa pointi ujuzi ulishuka levo, kisha uliipandisha tena kwa kuendelea kupigana. Gharama ilikuwapo, lakini uliilipa ukiwa tayari unacheza kwa mpango wako mpya. Saa ya mteja wangu ilikwenda kwenye mapigano anayoyataka, wala haikuishia kwenye kuokota dhahabu. Kama mnaona lazima gharama iwepo, igeni hapo.

Hoja yenu kubwa, nayo si ya kupuuzwa, ni kwamba uamuzi usio na gharama hauna uzito, na mhusika anayeweza kuwa kila kitu leo na kingine kesho hana utu wake. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa uzito wa uamuzi usiorudi, maana tunacheza bao. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kete ukishaisambaza imekwenda. Asiyejua kuitunza nyumba yake ataijutia mbele ya watu, na watazamaji watamkumbusha. Lakini bao lenyewe huisha pale pale barazani. Kete 64 hupangwa upya, na aliyefungwa huanza sawa na aliyemfunga, akiwa amejua kitu ambacho awali hakukijua. Gemu zenu humtaka mtu makumi ya saa kabla ya kujua kama alichagua vizuri, kisha baadhi yenu humwambia arudie makumi hayo ya saa. Mmechukua ukali wa bao mkaacha ule wepesi wa kupanga kete upya, ambao ndio unaoufanya ukali huo uvumilike.

Sisemi kila kitu kiwe wazi. Aliyechagua mchawi abaki mchawi, akitaka kuwa mpiga upinde aanze mwingine. Hilo wateja wangu wanalielewa na hawalilalamikii. Wala siombi mtu abadilishe ujuzi katikati ya pambano na bosi. Arudi mjini, amtafute mhusika wa kumrekebishia, atengeneze mambo yake, aondoke. Safari hiyo inatosha kumfanya afikiri kabla ya kubadilisha, na mashindano ya msimu yenye orodha ya washindi mnaweza kuyawekea kanuni zenu kali zaidi.

Kuna hali moja ambapo bei haipaswi kuwapo hata kidogo, nayo ni pale ninyi wenyewe mnapobadilisha kanuni. Mchezaji ameweka pointi 20 kwenye ujuzi fulani kwa sababu mlimwandikia kwamba unafanya kazi kwa namna fulani. Mkiupunguza nguvu kwa sasisho, uamuzi wake haukuwa mbaya. Masharti ndiyo yaliyobadilika. Watengenezaji wa Path of Exile wana desturi ya kuwapa wahusika waliopo nafasi ya kurejesha vipaji vyote bure wanapofanya mabadiliko makubwa ya mti. Hiyo iwe kanuni kwa kila mmoja wenu, hata mabadiliko yakiwa ya ujuzi mmoja: pointi za ujuzi ulioguswa zirudi zenyewe mkononi mwa mchezaji siku ya sasisho. Wala asitokee mtu akaona huo ni mwanya wa kuuza marejesho dukani kwa fedha halisi, maana hapo tutakuwa tumerudi kwenye shilingi za kijana yuleyule, safari hii bila kujificha nyuma ya dhahabu.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Hadi mchezaji amalize hadithi kwa mara ya kwanza, kurejesha pointi kuwe bure, kwa sababu kipindi hicho bado anasomeshwa na gemu. Baada ya hapo, kama bei ni lazima, iwe moja isiyopanda, nayo isizidi kile ambacho mchezaji wa levo hiyo hukipata kwa robo saa ya kucheza kawaida. Pointi zirejeshwe mojamoja au zote, kwa hiari yake. Maelezo ya ujuzi yaonyeshe unavyokwenda hadi mwisho, si hatua inayofuata tu, na pawepo sanamu la kupiga mjini ili mtu ajaribu mpangilio mpya kabla ya kuukubali. Tena mpangilio huo usihifadhiwe hadi abonyeze kitufe cha kuthibitisha. Umeme wa hapa hukatika bila kuaga, na nimewahi kuona kompyuta ikiwaka tena mhusika akiwa na nusu ya pointi zake zimetolewa na dhahabu yote imelipwa.

Kama mna toleo la majaribio lenye utaratibu wa aina hii, na mngependa kuona linavyopokelewa na wachezaji wanaohesabu dakika, kompyuta zangu zina nafasi. Saa za majaribio hayo sitawatoza wao wala ninyi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenye banda la gemu,
Ngamiani, Tanga.